Neema Iliyo Mlangoni: Mboga za Majani na Siha ya Nyumba Zetu

Shukrani zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyeiteremsha mvua akaotesha kwayo nafaka, matunda na mboga za kila namna. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, twapenda leo kuzungumza nawe juu ya jambo ambalo laonekana dogo, kwa kuwa liko karibu mno na macho yetu. Jambo hilo ni mboga ya majani iotayo nyuma ya jiko.

Katika Sura Abasa, Mwenyezi Mungu anamtaka binadamu azingatie chakula chake: jinsi maji yalivyomiminwa, ardhi ikapasuka, na humo zikatoka nafaka, mboga, mizeituni na mitende. Hii si amri ya kula tu, bali ni amri ya kufikiri. Basi na tukifikiri chakula chetu, na tuanzie mahali ambapo neema hiyo ni dhahiri.

MLIMANI NKOARANGA

Ukitoka Arusha kwa barabara ya kwenda Moshi, ukafika Usa River, kisha ukashika njia ya kupanda upande wa kushoto, utaingia katika nchi ya Wameru, na huko ndiko iliko Nkoaranga. Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, umesimama juu yake. Udongo ni wa majivu ya zamani ya mlima huo, na maji ya mlimani huongozwa kwa mifereji mpaka mashambani. Migomba na mibuni imepandwa pamoja, maharage yako chini yake, na miparachichi yatoa kivuli. Katikati ya vyote hivyo huota mnavu, ambao wengi wa Arusha huuita mnafu, na mchicha, na majani ya maboga. Siku za gulio, Jumatano na Jumamosi, kina mama huzifunga mboga hizo mafungu na kuzipeleka soko la Tengeru.

Wakazi wengi wa huko ni Wakristo wa Kilutheri, na Waislamu huishi miongoni mwao kwa ujirani. Katika ujirani huo mboga ina baraka yake. Nyama huzua swali la nani kachinja, lakini fungu la mnavu lililopitishwa juu ya ua halizui swali lolote. Ni halali kwa mwenye kutoa na kwa mwenye kupokea.

Thamani ya mboga hizi imewavuta hata wataalamu wa mbali. Taasisi iitwayo World Vegetable Center, iliyoanzishwa Taiwan mwaka 1971, ilifungua kituo chake cha Afrika katika eneo hilo hilo la Tengeru mwaka 1992. Kazi yake mojawapo ni kukusanya na kuhifadhi mbegu za mboga za asili za Afrika, na kuchagua zile zilizo bora ili wakulima wapate kuzipanda. Miongoni mwa mbegu zilizotoka huko ziko aina za mnavu ziitwazo Nduruma na Olevolosi, na aina ya ngogwe, yaani nyanya chungu, iitwayo Tengeru White. Majani ambayo baadhi yetu twaona haya kuyaweka mbele ya mgeni, wenye elimu wayatunza kama hazina.

HASARA TULIYO NAYO

Huenda msomaji akauliza: kuna haja gani ya kusema haya yote juu ya mchicha? Haja iko, tena kubwa. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa umri wa miezi 6 hadi 59, 59 walikuwa na upungufu wa damu. Katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, 42 walikuwa na upungufu huo. Tena, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao hakikufikia umri wao. Ni kweli kwamba hali ya udumavu ilikuwa mbaya zaidi katika uchunguzi wa miaka 2015 na 2016, walipokuwa 34, lakini nani atatosheka na nafuu hiyo?

Mtoto aliyepungukiwa damu huchoka upesi, husinzia darasani, na fahamu zake huwa nzito. Mama mjamzito aliyepungukiwa damu huingia katika uzazi akiwa dhaifu, na damu kidogo imwagikayo yaweza kumhatarisha. Upungufu huo una sababu nyingi, kama malaria na minyoo, lakini mojawapo iliyo kubwa ni chakula kisicho na madini ya chuma ya kutosha. Mwili ni amana, na amana itaulizwa.

VYAKULA VYENYE SIFA KUBWA

Siku hizi madukani, na katika simu za vijana wetu, husifiwa vyakula viitwavyo vya ajabu: unga wa mlonge, mbegu za chia, unga wa ubuyu na vinginevyo, vimetiwa katika makopo mazuri kwa bei kubwa. Yafaa tujue asili ya sifa hizo. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Marekani iitwayo United Fruit Company ilifanya matangazo makubwa ya kusifu matunda iliyokuwa ikiyauza, na hapo ndipo desturi ya kukiita chakula kimoja bora kupita vyote ilipopata nguvu. Na tunda hilo lilikuwa nini? Lilikuwa ndizi! Mtu wa Nkoaranga anayeishi katikati ya migomba na acheke. Tangu mwaka 2007, Jumuiya ya Ulaya imekataza bidhaa kuuzwa kwa jina hilo, isipokuwa kuwe na dai la afya lililothibitishwa na kuruhusiwa.

Hatusemi kwamba vyakula hivyo ni vibaya. Mlonge ni mti wenye manufaa, na ubuyu una vitamini C nyingi, hata Ulaya ikauruhusu uuzwe huko mwaka 2008. Lakini tupime kwa haki. Husemwa kwamba mlonge una vitamini C mara saba ya chungwa. Kipimo hicho ni cha majani mabichi, na sehemu kubwa ya vitamini hiyo hupotea majani yakaushwapo. Tena mtu hutia kijiko kimoja cha unga katika uji, lakini mchicha hula sahani nzima. Mwenye kulinganisha na alinganishe kijiko na sahani, si gramu na gramu.

Mchicha wenyewe una nini? Gramu 100 za mchicha uliopikwa zina madini ya chuma kiasi cha miligramu 2, na chokaa ya kujenga mifupa zaidi ya miligramu 200, kiasi kinachozidi kilichomo katika maziwa ya uzito huo huo, ingawa si yote iingiayo mwilini, kwa kuwa katika majani hayo mna asidi inayoizuia. Una pia kile kigeuzwacho na mwili kuwa vitamini A, ambayo hulinda macho na kuupa mwili nguvu ya kupambana na maradhi. Mnavu, majani ya kunde, matembele na majani ya maboga ni ndugu zake katika manufaa hayo, na mengi yake yana folati, ambayo mama mjamzito anaihitaji kwa damu yake na kwa kiumbe kilichomo tumboni.

Kwa hesabu ya wataalamu wa Marekani, mwanamke mwenye umri wa kuzaa ahitaji miligramu 18 za chuma kwa siku, na mjamzito 27. Basi ni dhahiri kwamba hakuna jani moja, wala unga mmoja, utakaotosha peke yake. Mwili hujengwa na mchanganyiko, tena wa kila siku: majani, maharage au kunde, nafaka au ndizi, na tunda.

NAMNA YA KUPIKA

Hapa twawaomba kina mama, na kina baba ambao sharti nao wajue jiko, watusikilize vizuri, kwa sababu neema nyingi humwagwa pamoja na maji. Osheni majani kabla ya kuyakata, si baada yake. Yapikeni kwa maji kidogo na kwa muda mfupi. Mwenye kuchemsha mchicha kwa maji tele, kisha akayamwaga, amemwaga sehemu kubwa ya vitamini C na folati. Mnavu una uchungu, na kwa hiyo wengi huumwaga maji yake, lakini uchungu huo waweza kupunguzwa kwa kuuchanganya na mchicha, au kwa kutia maziwa au karanga zilizosagwa. Walakini matunda mabichi ya mnavu yasiliwe, kwani yana sumu.

La pili, mboga na ipate mafuta kidogo, maana vitamini A haiingii vema mwilini pasipo mafuta. Asiye na uwezo wa kununua mafuta mengi, na akate parachichi kando ya sahani. Mlimani Meru tunda hilo huanguka chini ya mti, na mafuta yake yatosha kwa kazi hiyo.

La tatu, mboga na ipate kitu chenye uchachu. Chuma cha mimea ni kizito kuingia katika damu, lakini vitamini C hukifungulia mlango. Kamua ndimu juu ya mboga iliyoiva, au kula chungwa, au kunywa maji ya ubuyu pamoja na chakula.

La nne ndilo gumu kwetu, nalo ni chai. Twajua jinsi Waislamu wa nchi zetu wanavyoipenda chai. Hatuiharamishi kilichohalalishwa! Lakini ule ukakasi uhisiwao ulimini katika chai huishika chuma ya mboga na maharage, na kikombe kimoja kinywewacho pamoja na chakula chaweza kuzuia zaidi ya nusu ya chuma ambayo ingeingia mwilini. Kahawa nayo ina tabia kama hiyo. Basi na tuitenge: tuinywe saa moja au zaidi baada ya kula. Katika Ramadhani, chai na inywewe pamoja na tende wakati wa kufuturu, na maharage na mboga ziachwe kwa chakula cha baada ya Tarawehe. Jambo hili halina gharama hata ya senti moja, na faida yake ni damu.

MAMA NA MTOTO

Mtoto afikiapo miezi sita, maziwa ya mama hayamtoshi peke yake, ingawa aendelee kuyanyonya. Uji mtupu wa mahindi humjaza tumbo bila kumjenga. Na apondewe ndizi iliyopikwa pamoja na maharage yaliyolowekwa usiku na kuiva sana, na majani machache yaliyokatwa madogo, na mafuta kidogo au parachichi. Apatapo uwezo mzazi, na atie yai, au dagaa waliosagwa, au kipande kidogo cha ini, kwani chuma ya nyama huingia upesi na husaidia ile ya mboga. Tena iko vitamini iitwayo B12 isiyopatikana katika majani. Mwenyezi Mungu ameviumba vyote hivyo ili vikamilishane.

Wala mtu asichukue maneno yetu akaacha dawa. Vidonge vya kuongeza damu apewavyo mjamzito hospitali havibadilishwi kwa mchicha, wala kwa unga wa aina yoyote. Anayechoka kupita kiasi, au ambaye viganja vyake vimekuwa vyeupe, na aende akapimwe.

TUSIONE HAYA

Vijana wetu, nanyi tuna neno nanyi. Wengi wenu huona mboga za asili ni chakula cha maskini, na chipsi na soda ni alama ya maendeleo. Mkumbukeni Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Sahaba wake Anas bin Malik (r.a.) ameeleza kwamba mshona nguo mmoja alimwalika Mtume, akamwandalia mkate wa shayiri na mchuzi wenye mumunye na nyama iliyokaushwa. Anas akamwona Mtume akiyafuata yale mumunye pembeni mwa sahani, na tangu siku hiyo akayapenda mumunye. Kiumbe bora kuliko wote hakuona haya kuonyesha kwamba apenda mboga, tena katika nyumba ya mshona nguo. Sisi ni nani hata tuione duni?

Basi kila nyumba na ianze mahali ilipo. Aliye Nkoaranga ana shamba la migomba. Aliye mjini Arusha katika chumba cha kupanga ana gunia la udongo na maji ya kuoshea mchele, na mchicha huwa tayari kuchumwa baada ya wiki tatu au nne tu. Mpeni mtoto mbegu azipande kwa mkono wake mwenyewe, naye hataikataa mboga aliyoiotesha. Tena mtufundishe sisi na watoto wetu ile hadithi ya kwamba Mwislamu apandapo mmea, kisha akala humo mtu, au ndege, au mnyama, huandikiwa sadaka. Hata kuku wa jirani aliyeingia bustanini amekuongezea thawabu, ijapokuwa ni vema pia kujenga ua!

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuiona neema iliyo mlangoni petu, awape siha kina mama na watoto wetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kushukuru. Amin.