Vibarua vya Tafsiri katika Wasifukazi

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyefasiri matini za watu kwa miaka miwili aghalabu huandika kwamba hana tajiriba. Huko si kunyenyekea bali ni kujidhulumu. Vibarua hivyo avikusanye chini ya kichwa kimoja, "Mfasiri wa Kujitegemea", aonyeshe mwezi na mwaka alipoanza, kisha ataje lugha chanzi na lugha lengwa, aina ya matini na idadi ya maneno. "Nilifasiri mwongozo wa afya wa maneno 6,000 kutoka Kiingereza" humwambia mwajiri mengi kuliko "mfasiri hodari" (sifa ambayo kila mtu hujipa). Mteja aliyetaka siri asitajwe; "shirika la kilimo" latosha. Wateja wawili waombwe mapema wawe warejelewa, maana vibarua havina barua ya ajira, na mwajiri atataka ithibati.