Wasia wa Mali Iliyoko Mara

Wanachama wenzetu, mwenye nyumba Unguja au Pemba aweza kuiweka wakfu, ikaangaliwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Lakini mwenye nyumba au shamba Musoma, Bunda au Butiama yuko chini ya sheria za Bara. Huko, mirathi ikiamuliwa kwa kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963, mjane mwenye watoto hapati fungu. Hutunzwa na watoto wake.

Basi twawasihi mwandike wasia mbele ya mashahidi, jamaa na watu baki. Mtajeni humo mtu mwaminifu atakayeshika amana ya watoto mpaka wakue. RITA, wakala wa serikali, huuhifadhi. Karafuu huanikwa kungali jua.