Bakteria Nao Huzitumia Homoni Zetu

Tumezoea kuambiwa kwamba mtu akiandamwa na msongo wa mawazo, kinga ya mwili hushuka na maradhi hupata mwanya. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari. Homoni ambazo mwili hutoa wakati wa hofu, maumivu au jeraha haziishii kwetu: zinawafikia pia bakteria walio ndani yetu, nao wanajua kuzitumia.

Dalili za jambo hili ni za zamani. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, madaktari wa Ulaya waliripoti wagonjwa waliopata gangrini ya gesi, yaani nyama kuoza huku ikijaa gesi, baada ya kudungwa adrenalini, mojawapo ya homoni hizo. Mwaka 1948 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba, mahali penye adrenalini, bakteria wachache tu walitosha kumwambukiza mnyama wa maabara. Wakati huo ilielezwa kwamba adrenalini hubana mishipa ya damu, hivyo chembe za kinga huchelewa kufika. Sababu hiyo ina uzito, ila haikumaliza swali. Mwaka 1992, nchini Marekani, Mark Lyte na Sharon Ernst walikuza bakteria kwenye seramu yenye lishe hafifu, pasipo mshipa wa kubanwa wala chembe ya kinga ya kuzuiwa. Walipotia noradrenalini, ndugu wa karibu wa adrenalini, bakteria wa aina kadhaa, E. koli wakiwemo, walizaana kwa kasi kubwa.

Siri iko kwenye madini ya chuma. Bakteria wengi hawawezi kukua bila chuma, na mwili, kwa kulijua hilo kana kwamba umefundishwa, hukifungia ndani ya protini ya damu iitwayo transferini. Noradrenalini hujishika kwenye chuma hicho na kulegeza mshiko wa transferini. Bakteria naye hutoa kemikali zake za kukinyakua. Zaidi ya hapo, aina ya E. koli inayoleta kuhara damu ina kipokezi kwenye utando wake, QseC, kinachotambua adrenalini na noradrenalini na kuamsha jeni za mashambulizi.

Mtu anaweza kusema kwamba chupa ya maabara si tumbo, na hoja hiyo ni ya haki. Lakini utumbo una neva nyingi zinazotoa noradrenalini, na panya waliopewa dawa inayoharibu ncha za neva hizo, hata homoni ikamwagika kwa wingi, walikutwa na ongezeko kubwa la E. koli tumboni ndani ya siku moja. Sidai kwamba kinga haikuhusika. Nasema haiwezi kubebeshwa maelezo yote peke yake.

Wengine watauliza kama basi adrenalini iogopwe. Hasha! Kwa mtu anayebanwa pumzi kwa mzio mkali, sindano hiyo ndiyo uhai wake, na kumnyima ni kumuua. Wala elimu hii isigeuzwe fimbo ya kumchapia mgonjwa kwamba amejiletea maradhi kwa mawazo yake; hakuna anayeamuru homoni zake. Faida yake ni kuwafungulia matabibu mlango mwingine wa tiba. Mfano mzuri unatoka kwenye homoni tofauti kabisa, estrojeni. Hedhi ikikoma, estrojeni hupungua, na wale bakteria wema wanaotengeneza asidi ukeni hutoweka, hivyo E. koli hupata njia ya kuelekea kwenye kibofu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1993, wanawake waliokoma hedhi wenye maambukizi ya njia ya mkojo (UTI) ya kujirudia walipewa krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, na wenzao krimu isiyo na dawa. Bakteria wema walirudi kwa wengi waliopata homoni, na kundi hilo la homoni likaugua kwa wastani wa mara 0.5 kwa mwaka; wenzao waliugua mara 5.9.