Halley ilikwenda zake, data zikabaki

Tarehe 1 Mei 1996 chombo cha angani cha Ulysses, kilichotumwa na Ulaya na Marekani kulichunguza Jua kwa kupita juu ya ncha zake, kilikumbana na jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Kwa saa kadhaa protoni za upepo wa Jua zilipungua ghafla, uga sumaku ukageuka mwelekeo, na kipimo cha ioni kikanasa chembe za oksijeni na kaboni zisizofanana na zile zinazotoka kwenye Jua. Chanzo hakikufahamika. Vipimo vikahifadhiwa pamoja na vingine vyote vya safari ile, na chombo kikaendelea na njia yake.

Jibu lilichapishwa Aprili 2000 katika jarida la Nature. Geraint Jones na wenzake wa Imperial College London walikuwa wamezipitia upya kumbukumbu za uga sumaku, na George Gloeckler wa Chuo Kikuu cha Maryland na wenzake wakazipitia zile za ioni. Timu zote mbili zilikuta jambo lilelile: Ulysses kilikuwa kimekatiza mkia wa nyotamkia Hyakutake, zaidi ya kilomita milioni 500 kutoka kilipokuwa kiini chake. Mkia mrefu kuliko wote uliokuwa umepimwa hadi wakati huo uligunduliwa na watu waliokaa mezani, ndani ya namba zilizokusanywa miaka minne nyuma na kutunzwa vizuri.

Ndiyo maana nataka leo tuizungumzie kazi ambayo haionyeshwi kwenye televisheni. Roketi ikiruka, dunia nzima hutazama. Mtu anayekaa miaka miwili akizipanga data, akiandika maelezo ya kila safu ya jedwali na kuhakiki saa ya kila kipimo, huonekana kama karani tu. Naamini kazi yake ni nusu ya safari yenyewe, na kwa nyotamkia huenda ni zaidi ya nusu.

Tuanze na plazma. Kiini cha nyotamkia ni bonge la barafu, vumbi na mawe. Likilikaribia Jua, barafu hugeuka mvuke moja kwa moja na kumwagika angani. Mionzi ya urujuanimno ya Jua huzipiga molekuli za mvuke huo na kuzinyang'anya elektroni, na gesi inakuwa mchanganyiko wa ioni na elektroni zilizo huru. Hiyo ndiyo plazma. Jua nalo lina plazma yake, upepo wa protoni na elektroni unaovuma pande zote kwa kasi ya kilomita mia kadhaa kwa sekunde, ukibeba uga sumaku ndani yake. Plazma hizo mbili zikikutana, ndipo mambo yanapoanza.

Kwa hakika upepo wa Jua ulijulikana kupitia nyotamkia. Mwaka 1951 Mjerumani Ludwig Biermann alitazama jinsi mikia ya ioni inavyoelekea upande wa pili wa Jua, akasema lazima kuna chembe zinazotoka kwenye Jua na kuisukuma. Mwaka 1957 Hannes Alfvén wa Sweden akaongeza kuwa uga sumaku unaobebwa na chembe hizo hukwama penye nyotamkia na kujikunja kuizunguka, kama wavu unaoburutwa na mkondo wa bahari ukanasa kwenye jiwe. Yalikuwa mawazo mazuri, lakini hakuna aliyekuwa amepima chochote pale penyewe.

Cha kwanza kupima kilikuwa ICE, chombo cha Marekani kilichorushwa mwaka 1978 kwa kazi nyingine, kisha kikaelekezwa upya kwa kupitishwa mara kadhaa karibu na Mwezi. Tarehe 11 Septemba 1985 kilipita ndani ya mkia wa nyotamkia Giacobini-Zinner, kilomita 7,800 hivi kutoka kwenye kiini, na kuukuta uga sumaku umejikunja kama Alfvén alivyotabiri. Miezi sita baadaye ikafika zamu ya nyotamkia Halley.

Giotto, chombo cha Shirika la Anga la Ulaya, kilikuwa kimerushwa kutoka Kourou tarehe 2 Julai 1985. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Machi 1986, dakika chache baada ya saa 9 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, kilipita kilomita 596 tu kutoka kwenye kiini cha Halley, kwa kasi ya kilomita 68 kwa sekunde. Hakikuwa na namna ya kusimama wala kurudi kutazama tena. Saa nne na nusu na zaidi kabla ya hapo, kikiwa bado umbali wa kilomita milioni 1.15, kilikuwa kimevuka eneo ambalo upepo wa Jua unaanza kupunguza mwendo kwa kulemewa na ioni za nyotamkia. Kadiri kilivyosogea, uga sumaku ulizidi kuwa na nguvu. Halafu, zikiwa zimebaki sekunde 70 hivi, kilomita 4,700 kutoka kwenye kiini, mita ya sumaku iliyotengenezwa na timu ya Fritz Neubauer wa Cologne ikasoma sufuri. Gesi ya nyotamkia ilikuwa imeusukuma nje uga sumaku wote wa Jua na kuacha shimo lisilo na sumaku kabisa. Giotto kilikaa ndani ya shimo hilo kwa takriban dakika mbili.

Kumbuka hizo dakika mbili. Kwa karibu miaka 30 kila kitu ambacho sayansi ilikijua kutokana na vipimo vya shimo la namna hiyo kwenye nyotamkia halisi kilitokana na hizo tu. Nadharia zilijengwa juu yake, wanafunzi wa uzamivu wakaandika tasnifu, na hakukuwa na mahali pengine pa kuhakikisha isipokuwa kwenye data zilizohifadhiwa.

Sasa tuziangalie data zenyewe, maana hapa ndipo wengi hudhani kuna urahisi ambao haupo. Ala ya kupima plazma haiandiki kwamba "hapa pana ioni za maji". Inaandika hesabu: chembe ngapi ziligonga kigunduzi, katika ngazi ipi ya nishati, kutoka upande gani, sekunde gani. Giotto kilibeba ala ya Alan Johnstone wa University College London na ile ya Henri Rème wa Toulouse, na zote zilitegemea chombo kujizungusha mara moja kila sekunde nne ili kuona pande zote. Katika sekunde hizo nne chombo kilikuwa kimeshasogea kilomita 270 hivi. Ukipewa hesabu hizo bila maelezo, una rundo la tarakimu lisiloweza kukuambia lolote.

Chukua kasi. Ioni ya maji iliyotulia kabisa angani ingegongana na Giotto kwa kasi ya kilomita 68 kwa sekunde, na ala ingeisoma kuwa na nishati ya elektrovolti 440 hivi. Protoni iliyotulia vilevile ingesomeka 24 tu, kwa kuwa ni nyepesi mara 18. Mtafiti asiyejua kasi ya chombo angedhani ioni za maji zina nishati kubwa, kumbe ni mwendo wa chombo chenyewe. Anayeijua anaweza kuitumia kutenganisha ioni nzito na nyepesi. Kwa hiyo jedwali la njia na kasi ya chombo lazima likae pamoja na data za plazma.

Chukua saa. Usiku ule Giotto kilikuwa umbali wa kilomita milioni 144 kutoka duniani, na mawimbi ya redio yalichukua dakika nane kuifikia antena ya Parkes, Australia. Katika dakika hizo nane chombo kilisogea takriban kilomita 33,000 kuipita nyotamkia. Kama faili halisemi wazi iwapo muda ulioandikwa ni ule wa kipimo kuchukuliwa angani au wa ishara kupokelewa duniani, msomaji anaweza kuliweka lile shimo la sumaku mahali ambapo halikuwepo kabisa, kwa kosa kubwa mara saba kuliko umbali wake wa kweli kutoka kwenye kiini. Neno moja katika kichwa cha safu linatosha kuzuia hilo, na kukosekana kwake kunatosha kuharibu tafiti za miaka.

Kisha kuna mwelekeo. Sekunde 14 kabla ya kukikaribia kiini kabisa, chembe ya vumbi ilikigonga Giotto na kukifanya kiyumbe. Antena yake ikapoteza shabaha ya Dunia, na kwa dakika 32 mawasiliano yalikuja kwa vipande. Vipimo vya plazma vya kipindi hicho vina thamani kubwa, lakini upande ambao ioni zilionekana kutokea unategemea chombo kilikuwa kimeinama vipi wakati huo. Asiyeambiwa habari ya kuyumba ataona mkondo wa ioni ukipinda na atatafuta sababu kwenye nyotamkia. Nadhani hakuna mfano ulio wazi kuliko huu wa kwa nini historia ya safari lazima iandikwe ndani ya hifadhi na isiachwe vichwani mwa wahandisi. Wahandisi hustaafu, na hufa.

Mwisho kuna hali ya ala zenyewe. Vigunduzi vya chembe huchoka kwa matumizi, kwa hiyo hesabu ya 100 mwanzoni mwa safari si sawa na hesabu ya 100 baadaye. Hifadhi nzuri hutunza hesabu ghafi kama zilivyofika, na pembeni yake zile zilizorekebishwa, pamoja na kanuni iliyotumika kuzirekebisha. Kizazi kijacho kikipata kanuni bora, kinarudi kwenye zile ghafi na kuanza upya. Grafu iliyochapishwa kwenye jarida haitoi nafasi hiyo, na wanaodhani kuchapisha makala kunatosha wanakosea.

Kwa Halley kazi hiyo ilipangwa mapema. Mpango wa kimataifa ulioitwa International Halley Watch ulikusanya matokeo ya darubini na ya vyombo vya angani na kuyaweka kwenye diski za CD-ROM. Leo data za Giotto zinapatikana katika hifadhi ya sayansi ya sayari ya Shirika la Anga la Ulaya, karibu na Madrid, na katika ile ya NASA ya data za sayari, ambayo tawi lake la nyotamkia na asteroidi liko Chuo Kikuu cha Maryland. NASA ina utaratibu ninaouheshimu sana: kabla seti ya data haijapokelewa, wataalamu wasiokuwa wa timu iliyoitengeneza huijaribu kwa kufuata maelezo yake peke yake. Wakikwama, inarudishwa. Majedwali mengi huandikwa kwa maandishi ya kawaida, kwa kuwa programu za kompyuta huja na kutoweka, lakini safu za herufi na tarakimu bado zitasomeka.

Yanayotokea pasipo uangalifu wa namna hiyo tuliyaona kwa ICE. Mwaka 2014 chombo hicho kilipokaribia tena Dunia, kilikuwa bado kinatuma ishara, lakini mitambo ya NASA ya kuongea nacho ilikuwa imeondolewa mwaka 1999. Kikundi cha watu waliojitolea kilisaka nyaraka za zamani, kikatengeneza upya namna ya kukipa amri, na kwa kutumia antena ya Arecibo kikafanikiwa kuwasiliana nacho. Injini zake hazikuweza tena kukibadilishia njia. Kilichobaki salama ni vipimo vya 1985, kwa sababu hivyo vilikuwa vimehifadhiwa.

Tarehe 26 Julai 2015 chombo cha Rosetta, kikiizunguka nyotamkia 67P, nacho kilisoma sufuri ya sumaku, kilomita 170 hivi kutoka kwenye kiini. Hatimaye kulikuwa na shimo la pili la kulinganisha na lile la 1986, na ulinganisho uliwezekana kwa kuwa namba za Giotto zilikuwa bado zinasomeka. Chombo kinachofuata, Comet Interceptor, kinaandaliwa na Ulaya na Japani kikiwa na sehemu tatu zitakazopima plazma ya nyotamkia moja kwa wakati mmoja. Geraint Jones, yuleyule aliyeutambua mkia wa Hyakutake kwenye data za zamani, ni miongoni mwa walioongoza pendekezo lake. Na Halley yenyewe inarudi mwaka 2061. Watakaoipokea watataka kujua imebadilika vipi tangu 1986.

Hifadhi zote mbili, ile ya Ulaya na ile ya NASA, ziko wazi kwenye intaneti bila malipo. Mwanafunzi wa fizikia wa Dodoma, Nairobi au Lubumbashi hahitaji ruhusa ya mtu. Aanze na faili la mita ya sumaku ya Giotto, asome kwanza lebo yake yote, kisha achore nguvu ya uga sumaku kwa muda, kuanzia saa moja kabla ya chombo kukikaribia kiini hadi saa moja baadaye. Atafute inaposhuka hadi sufuri. Akishaliona shimo hilo kwa macho yake, afungue data za ioni za dakika zilezile.