Asilimia ya Nini? Mlango wa Ijara na Mgogoro wa Wachezaji wa Marekani, 2011

Mlango wa ijara katika vitabu vya fikihi husomeshwa kwa mifano ya mkodisha ngamia, fundi wa nguo na mchunga mbuzi. Mifano hiyo ni sahihi, lakini humfanya mwanafunzi adhani kuwa mlango huu hauwahusu watu wa mikataba mikubwa. Kwa hiyo tumechagua mfano ulio mbali na madrasa zetu, nao ni mgogoro wa mwaka 2011 baina ya wamiliki wa timu na wachezaji wa mpira wa kulipwa huko Marekani. Swali lililowagombanisha ni lile lile la kila tajiri na kila kibarua: mwenye mali akisema gharama zimemzidi na ujira upunguzwe, nani alete ushahidi?

Mchezo na watu wake

Mpira unaokusudiwa hapa si huu wa miguu tuujuao. Ni mpira wa Kimarekani, wenye umbo la yai, unaochezwa zaidi kwa mikono, na wachezaji wake huvaa kofia ngumu na kugongana miili. Ligi yake kuu, NFL, ina timu 32. Takriban zote ni mali ya matajiri. Timu ya Green Bay peke yake ndiyo iliyo mikononi mwa wanahisa wengi wa kawaida. Chama cha wachezaji na wamiliki huandikiana mkataba wa jumla unaopanga mgao wa mapato na masharti ya kazi, na chini yake kila mchezaji ana mkataba wake na timu yake.

Ama hukumu ya mchezo wenyewe, hilo ni jambo jingine. Hapa tunaitazama akdi ya kazi tu. Kwa istilahi ya fukahaa, mchezaji huyu ni ajiri khaswa, yaani mtu aliyemuuzia mwajiri mmoja muda wake na nguvu zake kwa ujira maalumu.

Asili ya ugomvi

Mkataba wa jumla uliokuwa ukitumika ulifikiwa mwaka 2006. Kufikia mwaka 2010 mapato ya ligi yalikuwa yamefika kiasi cha dola bilioni 9 kwa mwaka. Kwanza wamiliki walijitolea zaidi kidogo ya bilioni 1 kwa ajili ya gharama zao, kisha wachezaji wakapata karibu asilimia 60 ya kilichobaki. Mwezi Mei 2008 wamiliki walitumia haki yao ya kuufupisha mkataba huo, wakisema kuwa viwanja na madeni yamewaelemea. Walitaka makato ya mwanzo yaongezwe bilioni nyingine, na mechi za msimu zitoke 16 ziwe 18.

Hapa yatupasa tusimame. Anayesikia "asilimia 60" hudhani mchezaji amepewa zaidi ya nusu. Lakini ni asilimia 60 ya nini? Ukitoa bilioni 1 katika 9, zinabaki 8, na fungu la wachezaji ni bilioni 4.8. Ukitoa bilioni 2, zinabaki 7, na fungu lao ni bilioni 4.2. Asilimia haikuguswa hata kidogo, na milioni 600 zimekwenda.

Wanafunzi wa mlango wa mudharaba wanalijua jambo hili. Wanazuoni wamekubaliana, kama alivyonakili Ibn al-Mundhir, kuwa haijuzu mmoja wa washirika kujitengea kiasi maalumu cha fedha katika faida kabla ya mgao. Ama gharama za kweli za biashara, hizo hutolewa kwanza, kwani hakuna faida kabla ya mtaji kusalimika. Sisi hatusemi kuwa wachezaji hawa ni washirika wa mudharaba. Wao ni waajiriwa, na hukumu ile haiwashiki moja kwa moja. Tunachochukua ni sababu iliyo nyuma yake: fungu likihesabiwa kutoka katika jumla isiyojulikana, nalo huwa halijulikani, na ujira usiojulikana ni mlango wa ugomvi.

Ushahidi ni juu ya nani?

Wachezaji walijibu kwa kutaka hesabu zilizokaguliwa za kila timu kwa miaka 10. Wamiliki wakawa tayari kuonyesha baadhi tu ya hesabu, si vitabu vyote vya kila timu. Green Bay, kwa kuwa ina wanahisa, hutangaza hesabu zake. Zile za mwaka ulioishia Machi 2010 zilionyesha faida ya uendeshaji imeshuka kutoka karibu dola milioni 20 hadi chini ya milioni 10. Basi dai la wamiliki halikuwa uongo mtupu. Lakini hesabu ya timu moja haiwezi kuzisemea timu 31.

Huenda mtu akasema: mali ni ya mwenyewe, kibarua ana haki gani ya kufungua daftari la tajiri? Tunajibu kuwa hana haki hiyo madamu analipwa walichopatana. Ama tajiri akilifanya daftari lake kuwa hoja ya kupunguza ujira, amekuwa mdai, na kanuni ya mahakama zetu yajulikana: ushahidi humwangukia mwenye kudai. Hawezi kulitumia daftari kama hoja na kulificha kama siri.

Kufungiwa milango

Historia ya ligi hiyo ina migomo. Mgomo wa mwaka 1982 ulidumu siku 57, ukapunguza mechi za msimu kutoka 16 hadi 9. Mwaka 1987 wachezaji waligoma tena, na wamiliki wakaajiri wengine mahali pao kwa wiki tatu za mechi. Mara hii haukuwa mgomo. Chama kilijivua mamlaka ya kuwawakilisha wachezaji tarehe 11 Machi 2011 ili waweze kushtaki kwa sheria ya ushindani wa biashara, na tarehe 12 wamiliki wakawafungia nje.

Kabla ya hapo, tarehe 1 Machi, Jaji David Doty alikuwa ameamua kuwa ligi ilikiuka wajibu wake. Katika mikataba ya televisheni ilikuwa imejihakikishia malipo ya takriban dola bilioni 4 hata kama mechi zisingechezwa, hali ya kuwa ilitakiwa kutafuta mapato makubwa kabisa kwa faida ya pande zote mbili. Msomaji wa mlango wa wakala ataliona kosa: aliyeaminiwa kuuza kwa ajili ya wawili, aliuza kwa kujiwekea akiba ya vita dhidi ya mmoja wao.

Tarehe 25 Aprili Jaji Susan Nelson aliamuru milango ifunguliwe, lakini mahakama ya rufaa iliisimamisha amri hiyo na kuitengua tarehe 8 Julai. Ilitegemea sheria ya mwaka 1932, iliyotungwa kuwalinda wafanyakazi dhidi ya amri za majaji, nayo sasa ikawakinga waajiri.

Wengi wa wachezaji walikuwa na mikataba yao binafsi isiyokwisha. Katika fikihi, hasa kwa Mahanafi, ajiri khaswa anastahiki ujira kwa kujisalimisha kwa mwajiri katika muda wa akdi, hata kama hakupewa kazi. Kwa kipimo hicho, aliyesimama mlangoni tayari kwa kazi hageuki kuwa mgomaji kwa sababu mlango umefungwa.

Suluhu

Tarehe 25 Julai 2011 walipatana mkataba wa miaka 10. Makato makubwa ya mwanzo yaliondolewa, na wachezaji wakahakikishiwa wastani wa angalau asilimia 47 ya mapato yote. Mazoezi mazito yalipunguzwa, na mechi zikabaki 16. Ni mechi moja tu ya maandalizi iliyopotea. Tazama kuwa 47 ni ndogo kuliko 60, lakini wachezaji sasa walijua ni 47 ya nini. Mwaka 2020 walipiga kura juu ya mkataba mwingine, ukapita kwa 1,019 dhidi ya 959, na mechi zikawa 17 kuanzia mwaka 2021, kwa ridhaa ya wengi na si kwa amri.

Tusiwasahau wasiokuwa mezani. Katika baadhi ya timu, watumishi wa ofisini na makocha walikatwa mishahara katika miezi ile, nao hawakuwa upande wowote wa ugomvi.

Imamu atakapoletewa shauri la tajiri na vibarua wake, iwe la dau la uvuvi au la duka, asianze kwa kuuliza "mnagawana vipi?" Aanze kwa kuuliza kinachogawanywa ni kipi, kimekatwa nini kabla ya kufika mezani, na nani ameyaona makato hayo. Akipata jawabu la hayo matatu, mgao wenyewe utakuwa mwepesi.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.