Pombe ya Chungu na Pombe ya Chupa

Mwezi wa Desemba ufikapo, magari yatokayo Nairobi kwenda sehemu za Magharibi ya Kenya hujaa watu wanaorudi makwao kwa Krismasi. Si ajabu kumwona karani akishuka katika gari na kreti ya bia begani, kwa nia ya kuwaheshimu wazee wake. Afikapo nyumbani hufungua chupa ya kwanza na kummiminia baba yake mdogo. Mzee hunywa mafunda mawili, hushukuru, kisha huiweka bilauri chini.

"Mwanangu," husema, "kinywaji chako ni kizuri, lakini ni baridi, tena hakishibishi."

Baada ya kitambo huondoka polepole na kwenda kuketi na wenzake penye chungu cha busaa, akashika mrija wake. Karani naye akialikwa huvuta mara moja tu, akakunja uso. "Samahani, baba," husema, "hii ni chachu kama maziwa yaliyolala, tena ina unga."

Basi ni nani kati ya hao wawili aijuaye pombe? Kila mmoja humdhania mwenzake kuwa hana ulimi. Lakini mtu akizichunguza pombe hizo mbili, namna zilivyopikwa na watu waliozizoea, ataona kwamba zina undugu kuliko inavyodhaniwa, na kwamba jambo kubwa la kuulizwa si jina la pombe, bali ni kilichomo ndani yake na kiasi chake.

MAMA MMOJA, WATOTO WENGI

Pombe ya nafaka, iwe ya Bungoma au ya Ulaya, huanza kwa njia moja. Nafaka hulowekwa katika maji hata ichipue, kisha hukaushwa. Hicho ndicho kimea. Punje inapochipua hujitayarisha kugeuza wanga wake kuwa sukari, kwa ajili ya kuulisha mche mchanga. Mpishi wa pombe huuzuia mche usikue, akaichukua sukari hiyo kwa kazi yake. Halafu huja chachu, kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho, ambacho hula sukari na kutoa kileo pamoja na hewa ile ifanyayo povu.

Tofauti zote zinazobishaniwa hutokana na mambo manne: nafaka gani, moto kiasi gani, chachu ya namna gani, na siku ngapi.

Busaa hupikwa kwa unga wa mahindi uliokandwa kwa maji na kuachwa siku kadhaa uchachuke. Unga huo hukaangwa juu ya bati pana hata uwe na rangi ya kahawia na harufu ya mkate ulioungua kidogo. Kisha hutiwa maji na kimea cha wimbi, ukaachwa tena siku chache. Pombe yake ni nzito, ina uchachu, nayo haikai. Inywewe leo au kesho, keshokutwa imeharibika. Mzee asemapo kwamba busaa hushibisha, hasemi upuzi, kwa maana sehemu ya unga ungali umo ndani.

Muratina ya Wakikuyu ni ya namna nyingine, kwa kuwa haina nafaka. Asili yake ni asali au maji ya miwa, na kazi ya kuichachusha hufanywa na tunda la mwegea, lile tunda refu lining'iniapo mtini kama mfuko. Tunda hilo hutayarishwa na kukaushwa, na chachu hujificha katika nyuzi zake, hata liweze kutumika tena na tena. Ladha yake ni ya utamu uliochanganyika na ukali. Mpaka leo si rahisi kuzungumza habari za mahari mbele ya wazee wengi wa Kikuyu pasipo muratina.

Huko Pwani, Kilifi na Kwale, pombe haipikwi kabisa. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, hukata ncha ya karara changa na kuukinga utomvu katika kibuyu. Utomvu huo huanza kuchachuka hapo hapo juu ya mti. Ukinywewa mapema ni mtamu, jioni una nguvu, na baada ya siku moja au mbili unakaribia kuwa siki. Kwa hiyo mnywaji wa Pwani hulihukumu tembo kwa saa, wala si kwa jina. Naye humwangalia sana mgema wake, akikumbuka yale waliyosema wahenga, kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

BIA ZA CHUPA

Watu wengi husema "bia" kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Ulaya ina jamii mbili kubwa za bia, nazo hutofautishwa kwa chachu. Bia za jamii ya "ale", zilizozoewa sana Uingereza tangu zamani, hutumia chachu ipendayo joto, ambayo huelea juu ya pombe na kumaliza kazi yake kwa siku chache. Bia za jamii ya "lager" hutumia chachu ivumiliayo baridi, ambayo hushuka chini na kufanya kazi polepole. Jina hilo limetoka katika neno la Kijerumani la kuweka ghalani, kwa kuwa bia hiyo huwekwa mahali pa baridi kwa majuma mengi hata itulie na kutakata. Ndiyo sababu lager ni nyepesi na safi ulimini.

Mwaka wa 1842 katika mji wa Plzeň, ambao leo umo katika nchi ya Ucheki, ilipikwa lager ya rangi ya dhahabu kwa kimea cheupe na maji laini. Bia hiyo iliitwa pilsner kwa jina la mji, nayo ikaigwa duniani kote. Bia nyingi zinywewazo Kenya ni wajukuu wake. Tusker ni lager. Kampuni iliyoianzisha iliundwa mwaka wa 1922 na Wazungu wawili ndugu wa jamaa ya Hurst. Mwaka uliofuata mmoja wao, George Hurst, aliuawa na ndovu alipokuwa akiwinda, na bia ikapewa jina la ndovu mwenye pembe.

Bia nyeusi, yaani stout, ni ya jamii ya "ale". Guinness iliyoanza Dublin mwaka wa 1759 ndiyo ijulikanayo zaidi. Weusi wake hautokani na sukari wala rangi ya kutiwa, bali na shayiri iliyokaangwa sana, kama zikaangwavyo buni za kahawa. Na hapo ndipo undugu uonekanapo. Mama apikaye busaa akikaanga unga wake juu ya bati, na mpishi wa Dublin akikaanga shayiri yake, wote wawili wanatafuta jambo moja, yaani ladha itokayo katika moto. Hata mnywaji wa Guinness acheke busaa, ulimi wake umekwisha kukubali nusu ya siri yake.

Uchungu wa bia ya chupa hutoka katika hopsi, maua ya mmea utambaao uoteshwao katika nchi za baridi. Hopsi husaidia pia bia isioze upesi. Busaa haina hopsi, basi badala ya uchungu ina uchachu. Aliyezoea uchungu huona uchachu kuwa ni kuharibika, na aliyezoea uchachu huuona uchungu kuwa ni dawa.

Hata swali lile la mwenye baa, "Baridi au moto?", lina maana yake. Baridi kali huufisha ulimi na kuficha ladha. Lager nyepesi inywewayo kwa kukata kiu yaweza kustahimili baridi hiyo. Bali bia nyeusi ikipozwa mno hupoteza harufu yake ya kukaangwa. Wazee waiagizao "moto", yaani isiyotiwa katika jokofu, mara nyingi huchekwa na vijana, lakini wana sababu.

LADHA NA HESHIMA

Hata hivyo ulimi si hakimu peke yake. Katika siku za utawala wa Waingereza, sheria ya Kenya ilimkataza Mwafrika kununua bia ya chupa, na kizuizi hicho hakikuondolewa mpaka katika miaka ya 1940. Tangu miaka ya 1920 baraza la mji wa Nairobi lilijitwalia kazi ya kupika na kuwauzia Waafrika pombe ya kienyeji, na faida yake ikawekwa katika mfuko wa shughuli za Waafrika mjini. Mfanyakazi wa Pumwani alikunywa kile alichoruhusiwa, mahali alipoonyeshwa.

Kwa hiyo chupa ilipofunguliwa kwa watu wote, haikuwa kinywaji tu. Ilikuwa ni ishara kwamba mtu amehesabiwa kuwa mtu. Karani aliyeketi na chupa yake mezani alikunywa pia haki aliyonyimwa baba yake. Jambo hili haliwezi kudharauliwa. Lakini lilileta hasara yake, maana watu wengi walijifunza kuiona pombe ya chungu kuwa ni ya washenzi, wakaacha kuuliza kama imepikwa vizuri au vibaya. Na kitu kisichoulizwa huharibika.

HESABU YA KILEO

Yafaa kila mnywaji aijue hesabu ndogo ifuatayo. Chupa ya mililita 500 yenye kileo sehemu 4.2 katika 100 ina mililita 21 za kileo. Bia nyeusi ya kiasi hicho hicho, ikiwa na sehemu 6.5 katika 100, ina mililita 32 na nusu, yaani chupa mbili zake ni sawa na chupa tatu za lager. Busaa ya lita 1, ikiwa na sehemu 4 katika 100, ina mililita 40, karibu sawa na chupa mbili. Basi asemaye, "Mimi nanywa uji tu," ajihadhari.

Lakini chang'aa si ndugu wa hizo, kwa kuwa hutoneshwa kwa mvuke. Ikiwa ina sehemu 40 katika 100, bilauri moja ya mililita 250 ina mililita 100 za kileo. Hizo ni karibu chupa tano za bia, nazo zaweza kumezwa kwa dakika moja. Mtu hawezi kumeza chupa tano kwa dakika moja, kwani tumbo lenyewe lingekataa.

Tena kuna hatari ipitayo hiyo. Wauzaji wenye tamaa huchanganya pombe na spiriti ya viwandani iitwayo metanoli, ambayo hupofusha macho na kuua. Mwezi wa Novemba, 2000, watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa kunywa pombe ya namna hiyo, na mwezi wa Mei, 2014, msiba kama huo uliziingia kaunti mbalimbali, Embu ikiwa mojawapo. Metanoli haionekani kwa macho, wala ulimi hauwezi kuitenga na kileo cha kawaida. Hapa ndipo ujuzi wote wa ladha ukomapo. Sheria ya mwaka wa 1980 ilipiga marufuku chang'aa kabisa, nayo ikapikwa vichakani. Sheria ya mwaka wa 2010 iliondoa marufuku hayo, ikaagiza kwamba atakayeitengeneza awe na leseni. Maana yake ni kwamba mnywaji awe na haki ya kujua ni nani aliyeipika.

SHAMBA NA BILAURI

Mkulima naye ana neno lake katika mabishano haya. Shayiri ya kimea hulimwa Narok, Nakuru, Uasin Gishu na Timau, nayo ni mmea wenye masharti. Mbolea ya nitrojeni ikizidi, punje hujaa protini, na mnunuzi huweza kuikataa. Baada ya kutolewa mwaka wa 2004 bia ya bei nafuu iitwayo Senator, mtama nao ulipata soko, hasa katika sehemu kavu za Ukambani na Tharaka. Mwaka wa 2013 bia hiyo ilipotozwa ushuru mkubwa, mauzo yake yalianguka sana, na wakulima wa mtama wakaumia pamoja na wanywaji. Mtama uliodharauliwa katika chungu umerudi kwa mlango wa kiwanda, umevaa suti, na wale wale waliouita chakula cha kuku wanaunywa na kuusifu.

Basi turudi kwa yule mzee na mwana wa ndugu yake. Hakuna sababu ya mmoja kumshinda mwenzake. Karani amwulize mzee unga ulikaangwa lini na kimea ni cha nani, naye mzee aisome namba iliyoandikwa chupani. Kila mmoja atakuwa amejifunza jambo la kumfaa. Kisha kila mmoja anywe akipendacho, ajue kipimo chake, na aondoke penye kinywaji huku fedha ya karo ya shule ingali mfukoni. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na pombe ijitembezayo usiku, isiyo na jina wala mpishi, ndiyo peke yake ambayo mzee na karani hawana budi kuikataa kwa sauti moja.