Miaka 14 ya Kumpata Daktari wa Damu na Saratani

Mkazi wa Shively, Kentucky, aliyezaliwa Uvira, Kongo, anaweza kupimwa afya kabla ya kuanza kazi mpya, hana homa wala maumivu, kisha akapigiwa simu kwamba chembe zake nyeupe za damu ni chache mno. Anatakiwa aende kliniki ya magonjwa ya damu na saratani mjini Louisville. Neno saratani likishatajwa, nyumba nzima hailali. Siku ya miadi anakutana na daktari aliyesomea jambo hili hasa, naye anamwambia kuwa si mgonjwa.

Anayoyajua daktari huyo yana historia ndefu. Watu wengi wenye asili ya Afrika, kusini mwa Sahara, hawana alama iitwayo Duffy juu ya chembe nyekundu za damu. Alama hiyo ndiyo mlango unaotumiwa na malaria ya aina ya vivax kuingia kwenye chembe, hivyo wahenga waliozaliwa bila mlango huo walinusurika, nao wakaturithisha hali hiyo. Mtu wa namna hiyo huwa na nyutrofili chache zaidi kwenye damu inayozunguka. Nyutrofili ni zile chembe nyeupe zinazopambana na bakteria. Hata hivyo uloto wake, ule ute ulio ndani ya mifupa unakotengenezwa damu, hauna hitilafu, wala yeye haugui maambukizi zaidi kuliko wengine. Tatizo liko kwenye karatasi ya maabara, kwa sababu viwango vinavyoitwa vya kawaida vilitokana zaidi na damu ya watu wenye asili ya Ulaya. Asiyelijua hili anaweza kumpunguzia mgonjwa halisi wa saratani dozi ya tibakemikali, au kumwahirishia tiba, bila sababu ya msingi.

Daktari wa aina hii hapatikani haraka. Kijana wa Marekani anayemaliza sekondari husoma chuo miaka 4 na shule ya udaktari miaka 4, kisha hufanya kazi wodini miaka 3 akisomea ubingwa wa magonjwa ya ndani. Hapo tayari ni daktari mwenye leseni. Ndipo anapoomba nafasi ya ubingwa bobezi wa damu na saratani, miaka 3 mingine. Anafanyiwa usaili hospitali kadhaa, yeye na hospitali wote hupanga chaguo zao kwa mfuatano, na mwanzoni mwa Desemba kompyuta hutoa majibu ya nani ataenda wapi. Kazi huanza Julai. Chuo Kikuu cha Louisville kina mafunzo hayo, kama ilivyo kwa Ohio State mjini Columbus na Roswell Park mjini Buffalo. Miji yote mitatu ina familia nyingi zilizotoka Kongo, Burundi na Somalia.

Daktari aliye kwenye mafunzo hayo huitwa felo hospitalini. Wagonjwa wetu wengine hufadhaika wakiona felo ndiye anayewatangulia kuwaona, wakidhani wamepewa mwanafunzi wa kujifunzia. Ukweli ni kwamba huyo ana miaka 11 ya masomo na kazi nyuma yake, na baada yake huja daktari mwandamizi anayepitia kila uamuzi. Mgonjwa anapata madaktari wawili badala ya mmoja.

Katika miaka hiyo 3, Bodi ya Marekani ya Magonjwa ya Ndani inadai angalau miezi 18 ya kuhudumia wagonjwa moja kwa moja: 12 ya saratani, zikiwemo za damu, na 6 ya magonjwa ya damu yasiyo saratani. Muda mwingi unaobaki huenda kwenye utafiti. Felo hujifunza kutoa uloto kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, kusoma damu kwa darubini, na kujieleza mbele ya jopo la wapasuaji, wataalamu wa mionzi na wataalamu wa maabara wanaojadili mgonjwa mmoja mmoja.

Kuna mambo ambayo kitabu peke yake hakiwezi kuyafundisha. Ipo aina ya lukemia (saratani ya damu), ile ya promielositi, inayoweza kumuua mtu kwa kutokwa damu ubongoni ndani ya siku chache. Majibu ya vinasaba huchelewa. Felo aliyeitwa usiku wa manane huangalia tone la damu kwenye kioo, akaona chembe zilizojaa vijiti vidogo, akaanzisha tretinoini papo hapo bila kungoja uthibitisho. Dawa hiyo ni jamaa ya vitamini A, na ilianza kuonyesha nguvu yake Shanghai katika miaka ya 1980. Wengi wanaovuka wiki za mwanzo hupona kabisa. Jambo jingine linatuhusu sisi kwa karibu: kabla ya kumpa mgonjwa rituksimabi, dawa ya limfoma, lazima apimwe homa ya ini B, kwa sababu virusi vilivyolala vinaweza kuamka na kuliharibu ini. Afrika Mashariki virusi hivyo vimeenea.

Felo hufundishwa pia kuuliza mtu alifanya kazi gani. Somo hilo lina mizizi karibu kabisa na Shively, kwenye viwanda vya Rubbertown. Mwaka 1974 daktari John Creech, aliyehudumia wafanyakazi wa kiwanda cha plastiki cha B.F. Goodrich, aliripoti kwamba wafanyakazi kadhaa walikuwa wamekufa kwa saratani ya mishipa ya damu ya ini, ugonjwa adimu ambao madaktari wengi hawauoni maisha yao yote. Chanzo kilikuwa gesi ya vinili kloridi. Serikali ikashusha kiwango kilichoruhusiwa hewani kazini kutoka sehemu 500 katika milioni hadi 1. Kwa hiyo aliyeuza petroli rejareja kwa miaka mingi kando ya barabara ya Bukavu aseme, maana benzini iliyomo kwenye petroli hudhuru uloto.

Ninachokiona kuwa pungufu ni ile miezi 6. Ndani yake mna himofilia, kuganda kwa damu, upungufu wa damu wa kila namna, na selimundu. Mafelo wengi baadaye huchagua saratani, na watu wazima wenye selimundu hubaki wakitafuta daktari anayewaelewa. Majimbo yote ya Marekani hupima selimundu kwa watoto wachanga, lakini aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Nakivale huenda hajawahi kupimwa. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba mbili za vinasaba kwa ugonjwa huu, moja ikiuzwa dola milioni 2.2 na nyingine milioni 3.1. Dawa ya bei hiyo inahitaji daktari wa kumpeleka mgonjwa mahali inapotolewa, na daktari huyo ndiye adimu.

Kama ilivyo kwa Duffy, selimundu nayo ina uhusiano na malaria, na uhusiano huo ulithibitishwa kwetu Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, akachapisha matokeo mwaka 1954. Kampala nayo ilitoa zaidi. Denis Burkitt alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto ambao leo una jina lake, na mwaka 1967 kikaanzishwa Mulago kituo kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mwaka 1972 tuzo ya Lasker ilipotolewa kwa waliothibitisha kuwa saratani inaweza kutibiwa kwa dawa, miongoni mwao walikuwa Burkitt na John Ziegler wa Kampala, pamoja na James Holland na Edmund Klein wa Roswell Park, Buffalo. Miji hiyo miwili ilisimama jukwaa moja. Ziegler alipoondoka enzi ya Amin, Mganda Charles Olweny aliiendeleza kazi, na leo taasisi hiyo ndiyo kituo cha umahiri wa saratani cha Afrika Mashariki.

Anayeitwa kliniki hizi ana haki ya mkalimani wa Kiswahili bila malipo katika hospitali yoyote inayopokea fedha za serikali kuu. Msingi wake ni sheria ya haki za kiraia ya 1964. Mtoto wa darasa la sita asibebeshwe kazi ya kumweleza mama yake habari za lukemia.

Na daktari aliyesomea Lubumbashi au Dar es Salaam anayetaka njia hii Marekani kwa kawaida hufanya mitihani ya leseni ya huko na kurudia miaka 3 ya wodini, hata kama kwao ni bingwa. Akija kwa viza ya J-1, akimaliza anatakiwa arudi nyumbani miaka 2. La sivyo, aombe msamaha wa sharti hilo kwa kufanya kazi miaka 3 katika eneo lenye uhaba wa madaktari; kila jimbo, Kentucky ikiwemo, linaweza kuwaombea msamaha huo madaktari hadi 30 kwa mwaka.